Mpira wa Raga, Ziara ya 1976 na Mwaliko Uliotufikia Mubambiro



Wakati askari wa Afrika Kusini walipokuwa kambini Mubambiro, vijana wetu waliopita njiani kutoka Goma kwenda Sake waliwaona wakirushiana mpira usio wa mviringo. Ulikuwa na umbo la yai. Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma chukudu yake yenye mifuko ya makala alisimama kutazama, kisha jioni akatuuliza: "Mchungaji, ule mpira ukiangukia mawe yetu ya volkano, nani atajua utaruka upande gani?" Tulicheka pamoja naye. Tulimweleza kwamba mchezo huo unaitwa raga, au rugby kama wanavyoandika Wafaransa na Waingereza, na kwamba kwa watu wa Afrika Kusini ni jambo kubwa sana.

Askari wale walikuja na ujumbe wa SADC ulioanza Desemba 2023, pamoja na Watanzania na Wamalawi. Februari 2024 bomu liliangukia kambi yao, wawili wakafa. Januari 2025, katika vita vya Sake na Goma, askari 14 wa Afrika Kusini walipoteza maisha. Mwaka huo huo wenzao wa SADC waliondoka. Tangu hapo hatukuuona tena mpira wa yai. Lakini habari ya raga ilirudi kwetu kwa njia nyingine, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii.

Timu ya vijana wa kanisa letu ilipata mwaliko wa kucheza mechi ya "mpira wa amani". Walioalika walikuwa watu wenye silaha. Hatuwataji, kwa maana katika miaka hii tumealikwa na wengi, na msomaji wa Masisi au Walikale anaweza kuwaweka hapo wale anaowajua mwenyewe. Waliahidi jezi mpya, mipira na chakula baada ya mechi. Kungekuwa na hotuba, na picha zingepigwa.

Baraza la wazee lilikaa mpaka usiku. Papa mmoja alisema: "Huu ni mpira tu. Vijana wetu hawana kazi, hawana shule. Mwacheni mtoto acheze." Mwingine alisema tukikataa tutaonekana maadui. Ndipo mama mmoja wa kundi la maombi, ambaye mtoto wake alichukuliwa usiku na hajarudi hadi leo, akaomba neno. Hakulaumu mtu. Aliuliza tu kama vijana wa kanisa watasimama katika picha moja na waliokuja nyumbani kwake.

Tulikaa kimya. Na katika kutafuta jibu tulikumbuka jambo tulilosoma katika shule ya theolojia, katika somo la kanisa na ubaguzi wa rangi: ziara ya timu ya raga ya New Zealand huko Afrika Kusini mwaka 1976. Ni habari ya zamani na ya mbali, lakini wazee wa wakati ule walijibishana kwa maneno yale yale yaliyosemwa katika baraza letu.

Ziara ya raga ilikuwa kitu gani

Katika raga kila timu ina wachezaji 15. Mpira hushikwa kwa mikono, lakini hairuhusiwi kumpa kwa mkono mwenzako aliye mbele. Unampa aliye nyuma au pembeni, au unaupiga kwa mguu kwenda mbele. Anayefika nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani na kuugusisha mpira chini anaipatia timu yake pointi.

Kombe la Dunia la raga lilianza mwaka 1987. Kabla ya hapo timu za mataifa zilikutana hasa kwa ziara. Timu ilisafiri kwa meli, baadaye kwa ndege, ikakaa wiki nyingi katika nchi ya wenyeji, ikicheza mji baada ya mji, na katikati zikawekwa mechi kubwa za taifa kwa taifa. Wageni walikaribishwa na mameya, walikula na mawaziri, picha zao zilijaa magazetini. Hata Nairobi ilikuwa kituo cha njiani: mwaka 1955 na 1962 timu ya Visiwa vya Uingereza, ikitoka Afrika Kusini, ilicheza hapo na timu ya Afrika Mashariki, na Mei 1964 Wales walifanya vivyo hivyo wakiwa njiani kwenda huko.

Kwa hiyo ziara ilikuwa zaidi ya mechi. Ilikuwa kama kumtembelea mtu nyumbani kwake na kula mezani pake. Sisi Waafrika tunajua maana ya jambo hilo. Ukiwa na shauri na jirani, kisha ndugu yako akaenda kula kwa jirani huyo mbele ya watu wote, huwezi kusema amekula tu.

Jinsi Afrika ilivyofika kukataa

Kuanzia mwaka 1948 serikali ya Afrika Kusini ilijenga sheria za ubaguzi, apartheid, zilizotenga watu kwa rangi katika makazi, shule, ndoa na michezo. Timu ya taifa ya raga, Springboks, ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mpinzani wao mkubwa alikuwa New Zealand, ambako Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi, walicheza pamoja na Wazungu. Lakini New Zealand ilipokwenda Afrika Kusini mwaka 1928, 1949 na 1960, iliwaacha Wamaori nyumbani ili isiwaudhi wenyeji. Kabla ya safari ya 1960 watu wapata 150,000 walitia sahihi kudai kwamba kama Wamaori hawaendi, timu isiende. Ilikwenda. Mwaka 1970 Wamaori waliruhusiwa, lakini kwa jina la "Wazungu wa heshima". Tafakarini jina hilo, wapendwa. Mtu anakaribishwa mezani kwa sharti kwamba asiwe yeye.

Mwaka 1973 waziri mkuu Norman Kirk alizuia Springboks wasije New Zealand. Lakini baadaye alikuja Robert Muldoon, aliyesema serikali haitaingilia michezo, na mwaka 1976 timu ikajiandaa kusafiri.

Tarehe 16 Juni mwaka huo, wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Polisi waliwapiga risasi. Katika miezi iliyofuata waliokufa nchini walifika mamia, wengi wao vijana. Kabla ya Juni kwisha timu ya New Zealand ilikuwa uwanjani Afrika Kusini ikicheza. Yaani katika nchi moja, mwezi mmoja, watoto walikuwa wanazikwa na wageni walikuwa wanapigiwa makofi.

Nchi za Afrika ziliiomba Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iizuie New Zealand isishiriki Michezo ya Montreal. Aliyesimama mbele kuzisemea alikuwa jirani yetu wa ng'ambo ya mto, Jean-Claude Ganga wa Kongo-Brazzaville, katibu mkuu wa Baraza Kuu la Michezo Afrika. Jibu lilikuwa kwamba raga haimo katika Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliwahusu. Michezo ilipofunguliwa tarehe 17 Julai, nchi zaidi ya 20 za Afrika hazikuwamo, kati yao Tanzania, Kenya na Uganda. Senegal na Côte d'Ivoire zilibaki, na hatupaswi kuficha kwamba Afrika haikuwa na sauti moja.

Nani alilipa

Hapa ndipo tunapaswa kusimama, kwa sababu mara nyingi anayehubiri juu ya kukataa siye anayelipa.

Filbert Bayi wa Tanzania alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, dakika 3 na sekunde 32.16, mjini Christchurch, katika New Zealand hiyo hiyo. Aliyemfuata nyuma siku ile alikuwa John Walker, mwana wa nchi hiyo. Dunia nzima ilingoja wakutane tena Montreal. Hawakukutana. Walker alishinda dhahabu bila Bayi. Miaka minne baadaye, Moscow, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, lakini mbio zile zilizongojewa hazikukimbiwa kamwe.

Mike Boit wa Kenya, mshindi wa shaba ya mita 800 mwaka 1972, alirudi nyumbani bila kukimbia. John Akii-Bua wa Uganda, aliyeshinda dhahabu ya mita 400 za viunzi Munich kwa rekodi ya dunia, hakupata nafasi ya kulitetea taji lake. Miaka mitatu baadaye alikuwa mkimbizi nchini Kenya.

Vijana hawa hawakuwa wamemkosea mtu. Miguu ya mkimbiaji ina miaka michache tu. Viongozi walikata shauri, na wao wakatoa miaka yao. Yule papa aliyesema "mwacheni mtoto acheze" hakuwa mjinga, na kanisa linalowaambia vijana wake wasiende likumbuke kwamba linawaomba kitu cha thamani.

Matunda yaliyochelewa

Je, kulikuwa na faida? Mwaka 1976 ziara haikusimama. Springboks walishinda mechi kubwa tatu kati ya nne. Lakini neno lilikuwa limesikika. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola, New Zealand ikiwamo, walikubaliana huko Gleneagles, Scotland, kuzuia uhusiano wa michezo na Afrika Kusini ya ubaguzi.

Mwaka 1981 Springboks walialikwa tena New Zealand, na safari hii wananchi wa huko wenyewe waliinuka. Nahodha wa timu, Graham Mourie, alikataa kucheza nao kwa sababu ya dhamiri. Baraza la Makanisa la nchi lilipinga ziara, ingawa ndani ya sharika na ndani ya familia watu waligawanyika vikali. Zaidi ya watu 150,000 waliandamana katika miji mbalimbali. Tarehe 25 Julai mjini Hamilton mamia ya waandamanaji waliingia uwanjani, na mechi ikafutwa. Nelson Mandela alikuwa gerezani Robben Island wakati huo. Alipotembelea New Zealand mwaka 1995 alieleza jinsi habari ya Hamilton ilivyowafikia wafungwa na kuwatia moyo. Mtu aliyevunja uzio wa uwanja mbali kule hakujua kwamba mfungwa atasikia.

Mwaka 1985 New Zealand ilipotaka kwenda tena Afrika Kusini, mahakama ilizuia ziara hiyo. Timu hizo mbili hazikukutana rasmi mpaka 1992, ubaguzi ulipokuwa umeanza kuvunjwa.

Kosa lilianza mezani pa Bwana

Sisi Waprotestanti hatuwezi kuisimulia habari hii kama watazamaji. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Reformed la Kiholanzi huko Rasi iliruhusu Wakristo Weusi na Wazungu wakutane kwa ibada mahali tofauti, na ikasema ni kwa ajili ya udhaifu wa baadhi ya watu. Neno "udhaifu" lilichukuliwa kwa mtume Paulo. Lakini katika 1 Wakorintho 8 Paulo anawaambia wenye nguvu wajinyime kwa ajili ya walio dhaifu. Hapa wenye nguvu walijiita dhaifu, na aliyeondolewa mezani akawa yule asiye na nguvu. Kilichoruhusiwa kanisani kikawa baadaye sheria ya nchi.

Makanisa yalihitaji zaidi ya miaka mia moja kuligeuza jambo hilo. Mwaka 1982, Ottawa, Muungano wa Ulimwengu wa Makanisa ya Reformed ulisema kwamba kutetea ubaguzi kwa jina la Injili ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa ya Wazungu yaliyoutetea, na ukamchagua Mchungaji Allan Boesak kuwa rais. Mwaka huo huo kanisa lake nchini liliandaa Ungamo la Belhar, lililopokelewa rasmi 1986. Novemba 1990, mjini Rustenburg, Profesa Willie Jonker alisimama mbele ya wajumbe wa makanisa akaungama dhambi ya ubaguzi, yake mwenyewe na ya kanisa lake la Wazungu, na Askofu Desmond Tutu akaipokea toba hiyo.

Nyama ya sokoni na nyama ya sanamu

Turudi kwenye baraza letu. Andiko lililotusaidia ni 1 Wakorintho 10, kuanzia mstari wa 25. Paulo anawaambia Wakorintho wale kila kinachouzwa sokoni bila kuuliza-uliza. Lakini mtu akikuambia kwamba nyama hii imetolewa kwa sanamu, usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia na kwa ajili ya dhamiri yake. Nyama ni ile ile, haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anayetazama, na kula kwako kutamwambia jambo.

Ndivyo ilivyo kwa mpira. Vijana wakicheza jioni kwenye kiwanja cha mawe, na askari akaja kusimama pembeni au hata kuomba kucheza, ni nyama ya sokoni, tusiulize-ulize. Lakini mechi ikiitwa "ya amani", ikawa na hotuba na picha, na mama akasimama katikati yetu akasema watu hawa walikuja kwangu, basi tumeambiwa. Huyo mama ndiye aliyetuambia ni nyama ya nini. Hatuwezi kumjibu kwamba mpira haimo katika Olimpiki.

Lakini Biblia ile ile inatupa 2 Wafalme 5. Naamani, akiwa amemwamini Mungu wa Israeli, alimwambia Elisha kwamba bwana wake huingia hekaluni mwa Rimoni akiegemea mkono wake, naye hulazimika kuinama pamoja naye. Elisha hakumkemea. Alimruhusu aende kwa amani. Kuna ndugu zetu wanaoishi mahali ambapo kukataa ni kufa. Anayeinama kwa sababu mkono wake umeshikwa si sawa na anayekimbilia kuinama ili apate jezi. Mungu anajua tofauti hiyo, na sisi tusijifanye mahakimu.

Tulifanya hivi. Wazee walipeleka ujumbe wa heshima kwamba kanisa lina juma la maombi kwa ajili ya waliopotea, na timu haitaweza kuja. Ilikuwa kweli, kwa maana tulilianzisha juma hilo siku hiyo hiyo. Tuliogopa kwa muda mrefu. Vijana wawili walikwenda kwa hiari yao. Hatukuwatenga na Meza ya Bwana. Mmoja alirudi na jezi, akaja kutuuliza kama anaweza kuivaa kanisani. Tulimwambia akamwulize yule mama. Mpaka leo hatujui kama alikwenda.

Makanisa mengine yatapata mialiko kama hiyo, kwa timu, kwa korali, kwa mchungaji mwenyewe aombwe kufungua mkutano kwa sala. Kabla ya kujibu, tunashauri baraza lijiulize maswali manne. Ni nani atakayetazama, na atasoma nini katika kwenda kwetu? Je, waliodhulumiwa wameulizwa, au tunasema kwa niaba yao? Nani atalipa tukikataa, na kanisa litamsaidiaje? Na ikiwa tumelazimishwa, tunaweza kusema wazi mbele za Mungu kwamba tumelazimishwa?

Tusifikiri pia kwamba kukataa ni neno la milele. Tarehe 24 Juni 1995, Johannesburg, Springboks waliishinda New Zealand 15 kwa 12 katika fainali ya Kombe la Dunia, na Mandela, sasa rais, alivaa jezi ya kijani namba 6, jezi ile ile iliyokuwa alama ya ubaguzi. Lakini tuangalie mpangilio wa mambo: wafungwa walikuwa wametolewa, sheria za ubaguzi zilikuwa zimefutwa, watu wote walikuwa wamepiga kura Aprili 1994. Jezi ilivaliwa baada ya hayo. Na mwaka 2019 na 2023 kombe hilo liliinuliwa na Siya Kolisi, nahodha wa kwanza Mweusi wa timu hiyo, anayemkiri Kristo hadharani.

Tunaomba siku hiyo ifike kwetu pia, vijana wa Mubambiro, Sake, Masisi na Walikale wacheze na yeyote, na hakuna mama atakayeuliza swali lile. Mpaka hapo, kila Jumamosi wanacheza wenyewe kwa wenyewe kwenye kiwanja cha mawe, na timu ya kanisa jirani ikikaribishwa huja kwa miguu. Anayeweza kutuma mpira mmoja, atume.

Bwana awalinde, na awarudishe walio mbali.